Usibaki Mpaka Alhamisi

Robi,

Kama umeikuta karatasi hii ndani ya buti la kulia na hujaichana bado, basi isome. Nimeiweka humo kwa sababu begi lako hutaki mtu aliguse, na mdomoni hatujapeana neno tangu Jumapili ya wiki iliyopita. Mwandiko usiucheke sana. Niliishia darasa la tano, unajua, na kalamu yenyewe nimeazima kwa mwenyekiti, inatema wino inapotaka.

Sitakuandikia habari za kufua, wala kula, wala kuamka mapema. Hayo uliyajua kabla hujanijua mimi. Ninajibu swali lako.

Uliuliza ukiwa umesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, kama kawaida yako. Ulisema, "Fundi Hamisi amesema hata nikichelewa siku tatu nne si neno. Niende Mugumu Jumanne, au nibaki mpaka Alhamisi?" Nilikuwa naosha sufuria. Niliendelea kuisugua. Ukaongeza, "Sema tu, Ghati. Alhamisi nina faida. Ijumaa sina." Nikaosha sufuria ileile mara ya pili. Ukatema mate uani ukaenda zako.

Ulidhani ni dharau. Nilinyamaza kwa sababu jibu lililokuwa mdomoni lilikuwa "baki," na nilijua likishatoka sitalirudisha.

Alhamisi yenyewe unaijua. Wathamini wanarudi kuhesabu nyumba, miti na watu wa upande huu ambao mgodi unataka kuuchukua. Safari hii wazee wa ukoo watatembea nao shamba kwa shamba. Neno lao walilisemea hapahapa uani, na Marwa akiwa amekalia kigoda cha Bibi bila kuombwa. Walisema nyumba ya Wegesa ikiwa na mtoto, na mtoto mwenyewe akisimama akajitaja mbele yao, shamba ni la nyumba. Wasipomwona mtoto, shamba linarudi kwa ukoo. Na ukoo hapo maana yake ni Marwa, yeye ndiye aliyebaki wa karibu upande wa mume wa Bibi.

Marwa akacheka. Alisema, "Shemeji, yule wa kwenye mawe ndiye utamsimamisha? Si atakutukana mbele ya wageni kama mara ile?"

Ulikuwa nyuma ya jiko, ulisikia yote. Ndiyo maana ukauliza swali lako. Sasa na mimi nianzie pale ambapo sijawahi kuanzia.

Bibi Wegesa alinioa nikiwa na miaka kumi na sita. Desturi yetu ya nyumba ntobhu unaijua, lakini watu huisema kama hadithi ya kuchekesha, mimi nakuandikia ilivyokuwa kwangu. Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume. Mume wake alishakufa. Akatoa ng'ombe kwa baba yangu, nikaja hapa Nyangoto kuwa mke wa nyumba yake, nizae watoto waitwe wake, shamba lipate mtu. Mwanaume wa kuzaa naye alinichagulia yeye, mtu mmoja wa Gorong'a mwenye kikohozi, akaja, akaenda. Mimba mbili zilitoka. Bibi hakunisema. Alinifundisha kusokota kamba za mkonge, na kila ugali ukiiva alibandua ukoko wa chini ya sufuria akanipa mimi, wote, kama vile mtoto aliyemtaka ndiye mimi mwenyewe.

Alipokufa nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na vyumba vitatu, na hakuna wa kuniuliza "umeamkaje?" Nilikuwa namwamkia kuku. Cheka, lakini ni kweli. Jogoo nilikuwa nampa shikamoo.

Mwaka uliofuata dhahabu ikawapanda watu kichwani. Mwenye nguvu alichimba, na mwenye shamba karibu na mgodi alitegesha. Kibanda cha udongo kilisimamishwa ndani ya siku tatu, bati jipya juu, mlango hakina, hakuna anayelala humo. Kinangoja tu wathamini wakione wakiandike, mwenyewe alipwe fidia. Miti ilipandwa Jumamosi, Jumatatu mtu anakuambia ni msitu wa babu yake. Mama Chacha hapo jirani alitegesha mpaka choo, na hakikuwa na shimo. Na mimi nikategesha. Nilipanda mkonge pale chini, nikasimamisha kibanda.

Marwa akaja, akautazama mkonge wangu mstari kwa mstari. "Panda, shemeji, panda. Unaniandalia. Nyumba isiyo na mtoto haina mwenyewe."

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikalia. Yeye hakupoteza muda. "Binti, tafuta mtoto. Kule kwenye mawe wamejaa wasio na watu. Ila usichukue mtoto mchanga. Mchanga hajibu. Chukua mkubwa, awezaye kusimama mbele ya mthamini akasema hapa ni kwetu."

Robi, hivyo ndivyo nilivyokuja kwako. Umeshasikia kwa watu, lakini kwangu hujawahi. Mimi nimekuwa nikikuambia Mungu ndiye aliyenipeleka. Aliyenipeleka ni mwenyekiti.

Nilikukuta umekaa juu ya gunia unaponda mawe. Umri wako miaka kumi na mmoja, mikono ya mtu mzima. Baba yako alishafukiwa shimoni, mama yako alishavuka mpaka wa Sirari na mtu na hakurudi. Yule mama aliyekuwa akisimamia waponda mawe nilipomwuliza habari zako alinitazama kama nimeuliza bei ya mbwa. "Huyu? Mchukue. Ameshafukuzwa nyumba tatu. Anaiba, anang'ata, na kitanda analowesha. Ila ukichoka naye usimrudishe hapa."

Nikakuinamia nikakueleza. Hukuacha kuponda. Uliuliza swali moja tu. "Huko kwako kuna nini cha kula?"

"Ugali na dagaa."

"Wenye vichwa au waliokatwa?"

"Wenye vichwa."

"Nitakuja kula. Kulala tutaona."

Wiki ya kwanza ulilala na viatu. Ukisikia nimegeuka chumba cha pili, unakaa kitako. Nilikunyoa nywele kwa sababu ya chawa, ukaning'ata kidole hiki ninachoshikia kalamu. Na bado, Robi, asubuhi nilikuwa nasikia mtu anakohoa ndani ya nyumba, nikaacha kumwamkia jogoo.

Wiki ya pili nikaanza kukufundisha ile sentensi. "Mimi naitwa Robi. Hapa ni nyumba ya Wegesa. Huyu ni mama yangu." Ukiisema vizuri, nakupa ukoko. Ukikosea, nakula mimi huku unanitazama. Nimefanya mabaya mengine, nitayafikia, lakini hili ndilo linalonirudia nikiwa shambani peke yangu. Bibi alinipa ukoko bure. Mimi nilikufanya uusemee.

Ulijifunza haraka. Ulikuwa ukiisema bila kunitazama, "huyu-ni-mama-yangu-leta," mkono umeshanyooka.

Utakutana na watu watakaokufundisha la kusema. Wengine watakuwa na sura nzuri na chakula mkononi. Mimi sura yangu ilikuwa nzuri. Nilikuwa nakupenda kidogo tayari, na bado nilikuwa nakutumia. Vyote viwili vilikaa ndani ya mtu mmoja na havikugombana. Sikujua kama inawezekana mpaka nilipojiona.

Sasa nyundo.

Ulikuja na begi la plastiki, ndani yake gauni moja na nyundo ya baba yako, ile yenye mpini mweusi uliopasuka akaufunga mpira wa tairi. Ulilala nayo. Nikaona kwamba maadamu nyundo ipo, wewe ni mtu wa mawe, siku yoyote utaondoka na mkonge wangu wote utakuwa wa Marwa. Nikasema moyoni mtoto akikosa nyundo atakaa. Akili yangu ilikuwa hivyo. Siku uliyokwenda kisimani niliichukua nikaitumbukiza chooni. Ilichukua muda kufika chini. Nilisikia.

Uliporudi ukaitafuta mpaka ukafumua magodoro. Nikakuambia labda imeibwa. Ukauliza nani ameingia humu ndani. Nikasema, na Mungu ananisikia, "Sijui, nilimwona Chacha akipita." Chacha alikuwa amepita kweli, anafukuza ndama. Nilitaja jina kwa sababu lilikuwa karibu.

Yaliyofuata unayajua, ila umeyajua vibaya. Ulimkamata yule mtoto barabarani ukampiga ukitaka nyundo yako, ukamng'ata sikio mpaka kipande kikatoka. Mama Chacha akaja hapa na mji mzima nyuma yake. "Ghati! Umetuletea fisi! Ulikwenda kuokota mtoto au ulikwenda kuokota fisi?" Tangu siku hiyo kisimani ulipewa zamu ya mwisho, shuleni hakuna aliyekubali kukaa na wewe dawati moja, na kuku wa mtu akipotea wanakuja kwetu kwanza. Nilisimama hapo mlangoni nikawaomba msamaha kwa ajili yako. Kwa ajili yako, Robi. Ulikuwa ukinitazama, na ulidhani ninakutetea.

Chuki ya watu hawa juu yako niliipanda mimi. Wewe umebeba miaka mitano.

Jana nilikwenda kwa Mama Chacha nikamwambia. Alikuwa anapepeta mtama. Mwanzoni hakunielewa.

"Nyundo gani?"

"Ile iliyomfanya Robi ampige Chacha. Haikuibwa. Niliitupa chooni mimi."

Akaweka ungo chini. "Miaka mitano! Miaka mitano namwita mtoto wa watu fisi, kumbe fisi nakaa naye jirani, nampa moto, nampa chumvi!" Alinitukana mpaka kuku wakatoka uani. Kisha akamwita Chacha, na sikio lake lile, akamwambia, "Mwangalie vizuri huyu mama. Mkumbuke." Chacha amekua, Robi, ana ndevu tatu. Akanitazama, akasema, "Mwambie Robi mimi nilishasahau, ila na yeye alikuwa na meno mabaya."

Sikukununulia nyundo nyingine. Nilifika dukani Tarime mwezi jana, nikazishika zote. Mwenye duka akaniuliza, "Mama, unachagua nyundo au mchumba?" Nikazirudisha. Hakuna ambayo ingekuwa ile.

Nirudi siku ya wathamini wa kwanza. Nilikuvisha gauni la bluu, nikakupaka mafuta mpaka magoti yakang'aa. Uani walijaa watu, Marwa mbele. Kijana mwenye daftari akakuuliza kwa upole tu, "Mdogo wangu, hapa ni kwenu?"

Ukaangalia mkonge. Ukaangalia kibanda kisicho na mlango. Ukasema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Hapana. Kile kibanda kimetegeshwa, na mimi nimetegeshwa. Nikisema huyu ni mama yangu napewa ukoko."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Marwa akamgonga yule kijana bega, "Mura, kijana wangu, andika mtu mmoja!" Akaandika mtu mmoja.

Walipoondoka nilikupiga kwa mwiko. Hukulia, na nilizidi kupiga kwa sababu hukulia. Kisha nikasema, "Rudi kwenye mawe yako. Hata mama yako mwenyewe alikuona akavuka mpaka." Mwiko ulivunjika, tumenunua mwingine. Hilo neno halikuvunjika. Nililiona likiingia usoni mwako, na mpaka leo nikikuona umekaa kimya nalitafuta kama bado lipo.

Ulikwenda. Na sitakudanganya kwamba nilikufuata mbio. Siku ya kwanza nilikaa ndani kwa hasira, nikasema afadhali. Siku ya pili nilikufuata kwa aibu ya watu, nikaishia njiani. Siku ya tatu nilisonga ugali, nikaubandua ukoko, na hapakuwa na mtu wa kuugombania. Nikakaa nao mkononi kama mjinga. Hapo ndipo nilipotoka kweli.

Nilikukuta juu ya gunia lilelile, na nyundo ya kuazima. Uliponiona ulichukua jiwe ukanipiga nalo, na alama hii juu ya nyusi watu wakiuliza husema nilianguka. Sikuondoka. Maneno yangu yote yalishaharibika. Nikaomba nyundo, nikakaa hatua kumi kutoka kwako, nikaanza kuponda.

Wale wanawake walifurahi siku hiyo! "Jamani, mke wa Wegesa amekuja kutafuta dhahabu!" "Mwacheni, anaponda mawe, mawe yanamponda." Nilijiponda vidole viwili. Kesho yake nikarudi. Kesho kutwa nikarudi. Siku ya nne ulikuja ukasimama juu yangu, umekasirika kama mtu aliyeona kazi yake inachezewa.

"Unashika mpini juu. Shika chini. Acha uzito wa chuma ufanye kazi, wewe elekeza tu."

"Hivi?"

"Siyo hivyo. Wewe hujui hata kupiga. Kumbe ndiyo maana mwiko ulivunjika."

Nilicheka nikalia kwa pamoja. Wewe hukucheka. Ulikishika kiganja changu ukakisogeza chini ya mpini, na nilipopiga nilielewa kitu ambacho sikukijua: mpini wa nyundo unakariri mkono wa mtu. Ile ya baba yako ilikuwa imekariri mkono wake, na wewe ulikuwa ukiweka vidole vyako kwenye vidole vyake. Nilielewa nikiwa nimekaa karibu yako namna hiyo, na bado sikusema. Nilisema moyoni, nikimwambia leo hatarudi. Na miaka mitano kila siku nikasema leo siyo.

Ukisubiri siku nzuri ya kusema jambo baya utazeeka nalo. Nimejaribu mimi, haiji.

Jioni ile ulinifuata nyumbani, mbali nyuma, kama mtu anayekwenda safari nyingine. Ukalala jikoni. Baada ya mwezi ukahamia chumba cha Bibi. Sikukuomba uniite mama, na hukuniita. Watu husema tunafanana na dada wawili waliokosana, maana nimekuzidi miaka kumi na mitatu tu, na mimi huwaacha waseme.

Na wewe una yako. Nisikufanye malaika kwa sababu unaondoka. Uliniibia mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Uliniita tasa mbele ya kisima kizima, siku niliyokukataza kwenda harusini, na wanawake wakainamisha vichwa kwa aibu ambayo ilikuwa yangu kuibeba. Hilo sijalisamehe. Nakuambia ili ujue. Nilirudi nyumbani siku ile nikakupikia, nikakuwekea sahani chini kwa nguvu mchuzi ukamwagika, ukala, tukalala. Asubuhi nilikuwa bado nimekasirika na bado nilikuwa nataka uwepo. Mimi nilikuwa nadhani mtu akikuchukia lazima mmoja aondoke. Kumbe watu wanaweza kuchukiana ndani ya nyumba moja na maji yakachotwa na mbuzi akafungwa.

Kisha alikuja Fundi Hamisi kutoka Mugumu kuchomelea mageti ya lile duka la barabarani. Ulisimama pale siku tatu. Akakufukuza, ukarudi. Mwisho akakupa kile kinyago cha kuzuia mwanga, akasema, "Binti, kama huondoki basi shika hapa." Ulirudi nyumbani mikono imeungua madoa madoa, ukaongea maneno mengi kuliko ya mwaka mzima, na yote yalikuwa ya chuma. Nilikuwa natoa mawe kwenye maharage, sikukatisha, niliogopa utanyamaza. Alipokuja kuniuliza kama anaweza kukuchukua ujifunze, wewe ukae na mke wake na binti zao, aliniuliza hivi: "Mama yake, unaridhia?" Hakuna aliyekuwa amenifundisha jibu. Nikasema naridhia. Ukanitazama kwa jicho lako lile la pembeni. Hukunikosoa.

Mugumu watakuuliza wewe ni wa nani. Ni watu wema, lakini watu wote huuliza. Usiwajibu kwa sentensi yangu. Waambie unavyotaka, au waambie una kazi.

Sasa jibu lako.

Usibaki mpaka Alhamisi. Gari la Mugumu linapita barabarani asubuhi, lipande.

Najua ungesimama. Hilo ndilo lililonifanya nioshe sufuria mara mbili. Nilisikia ndani ya ukali wako kwamba ungebaki, ungevaa gauni, ungesimama mbele ya Marwa na wazee ukasema huyu ni mama yangu, na safari hii pengine isingekuwa uongo. Shamba lingekuwa letu. Ndugu yangu mmoja ameniambia mimi ni mwendawazimu, kwamba siku mbili tu, Ghati, siku mbili, na ni kweli ni mtoto wako sasa, tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba ungelisema Alhamisi. Ungelisema siku yoyote nyingine, hata kwa hasira, hata ukiwa unanifungia mlango, ningelichukua. Lakini Alhamisi sitajua, na wewe hutajua. Tutakaa miaka ishirini kila mmoja akijiuliza lile neno lilikuwa la nani, lako au la shamba. Nilishakufanya usemee chakula. Sitakufanya usemee ardhi.

Usifikiri nakwenda kukaa chini nimwachie Marwa. Nina mdomo. Nimemwuliza mwenyekiti, kuna baraza la kata, na Bibi alinioa mbele ya watu ambao baadhi yao wako hai, na mkonge ule niliupanda kwa mikono hii. Nitasema mimi mwenyewe, kwa jina langu. Nikishinda, utakuta nyumba. Nikishindwa, nitapanga chumba karibu na barabara, niuze uji, na nakuambia uji wangu unajulikana. Mimi bado kijana. Nina miaka thelathini kasoro, na nywele zangu zote.

Kuja, utakuja ukitaka. Usipotaka, tuma mtu aniambie mikono haijaungua sana. Sikulazimishi hata hilo. Naomba tu.

Alhamisi watakuja na daftari. Marwa atakuwa amevaa koti lake. Watatazama chumba cha Bibi, watakuta kitanda kimetandikwa na hakuna mtu. Mthamini ataniuliza kama anavyouliza kila nyumba, "Mama, una watoto?" Na watu watasogea wasikie, maana wanakumbuka kicheko cha mara ile.

Nitamjibu hivi: "Ninaye mmoja. Yuko Mugumu kazini. Yeye msimwandike."

Ghati

Ukoko wa ugali wa leo uko ndani ya buti la kushoto, kwenye mfuko safi, wote. Ule tu. Usiseme kitu.